Kosa Langu, Elfu Nne

Nimejikuta kitabuni, Mtaa wa Samora,
juu ya turubai la vitabu vya mkono wa pili,
kati ya kamusi isiyo na jalada
na mwongozo wa kufuga kuku wa mayai.
Elfu tano. Nikapunguziwa hadi nne.

Ukurasa wa arobaini na moja: mimi, kete nyeusi.
Rwechungura, nyeupe. Ukumbi wa Upanga, mvua ya Aprili,
umeme ukakatika hatua ya kumi na nane,
tukamalizia kwa tochi ya simu yake.
Hayo hayakuandikwa.
Kilichoandikwa ni farasi wangu, hatua ya ishirini na tatu,
na pembeni yake alama mbili za kuuliza
kama ndoana mbili shavuni.

Na huko mwanzoni, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
*Haki zote zimehifadhiwa.*

Zote? Hata kosa langu?
Nililifanya kwa mkono huu unaopima mbao Buguruni,
nililigharamia mwenyewe, sikulala siku tatu,
leo limo sokoni nami sipati hata senti.

Nikaenda ofisi ya hakimiliki, kitabu kwapani.
Dada wa dirishani, Tunsume, aliusoma ukurasa wote
huku chai yake ikipoa.
"Hatua hazina mwenyewe," akasema.
"Ni tukio, kama bao lililofungwa jana Temeke;
anayetaka kulisimulia na alisimulie.
Maelezo ndiyo yake.
Na hizi alama za kuuliza..." akazitazama, akacheka,
"hizi nazo, nadhani."

Basi ndivyo tulivyogawana:
kosa ni la watu wote,
kejeli ina mwenyewe.

Nikarudi Keko, nikaunakili mchezo kwa kalamu,
hatua tupu, bila neno la mtu,
nikaubandika ukutani kwa kinyozi Mbwilo,
kwenye sataranji iliyopoteza ngome moja
na kizibo cha soda kinashika zamu.

Jumapili nikamkuta binti wa darasa la sita
ameupanga hadi ishirini na tatu, akasimama hapo.
Farasi hakumgusa.
Akasukuma askari wa pembeni, yule niliyemsahau,
mraba mmoja tu,
na upande mweusi ukapumua.

Hatua hiyo haimo kitabuni.
Nikamwuliza anaitwa nani,
niiandike pamoja na jina lake.

"Keti kwanza," akasema, macho ubaoni.
"Wewe ni nyeupe. Zamu yako."