Swali la Ishirini na Sita

Fomu yangu ina maswali arobaini na moja.
La kumi na tisa: Umetumia dawa gani
kwa zaidi ya mwaka mmoja?
Bi Mbeleje hakujibu. Aliingia ndani,
akarudi na mfuko wa rambo, akaumwaga mkekani:
karatasi za vidonge zilizotobolewa,
za presha, za tumbo, za mwanawe aliyekwisha zikwa,
na zile za manjano alizouziwa na mtu
ambaye duka lake halipo tena.
"Zote nimezila. Wewe ndiye msomi. Hesabu."

Nikahesabu.

Hapa Hombolo ukungu hauingojei zabibu iive.
Marehemu Ndahani alibeba bomba misimu kumi na minne,
dawa ikimchuruzika mgongoni hadi kiunoni,
buluu ambayo sabuni ya mche haikuiweza.
Na dumu lake halikutupwa.
Nani atatupa dumu Ugogoni, mwezi wa kumi?
Lilisuuzwa mara tatu, likaenda kisimani.

Swali la ishirini na sita linauliza habari za dumu.
Nililitunga mwenyewe, mjini, kwenye kiyoyozi,
chupa ya maji ya dukani kando ya mkono.

Dawa ya presha. Dawa ya mende. Dawa ya zabibu.
Lugha yangu imezitia zote kapu moja,
nami nalipwa mshahara kuzichambua.

Usiku, gesti, umeme ukienda na kurudi,
kompyuta inasema: moja nukta nne.
Yaani waliobeba bomba wamo hatarini zaidi. Labda.
Maana mkia wa kadirio unaburuzika
mpaka chini ya moja, na huko chini
hakuna anayeruhusiwa kusema kitu.
Uhusiano si sababu: nimeiandika ubaoni mara ngapi,
wanafunzi wakanakili.
Sijawahi kuisema kwa Kigogo.

Nilipofunga faili aliniuliza moja tu:
"Hizi za asubuhi, nimeze au niache?"
Fomu haina kisanduku cha hilo.
"Za presha, meza. Za manjano nitaondoka nazo.
Na dumu nipe mimi."
Akacheka, mara ya kwanza tangu mbukwenyi.
"Halafu maji nichotee kiganja?"

Kesho yake nikanunua ndoo mbili, za mifuniko.
Risiti ninayo.
Sijui niiingize fungu gani la bajeti.