Inchi Mbili za Akiba

Futi hii nimeivaa shingoni miaka kumi na tisa.
Imezunguka viuno vya mabibi harusi wa Chavakali,
mabega ya wanakwaya, matumbo ya wanaume
wanaoapa hayajaongezeka.
Haijui kubembeleza.

Machi, daktari wa Mbale aliniandikia vidonge vinane kwa siku,
vyeupe, vidogo kuliko vifungo vya shati la mtoto.
"Viungo vitatulia," alisema. Na kweli vilitulia:
vidole vilivyokakamaa vikashika sindano tena,
vikatunga uzi
bila kumwita Kageha wa duka la pili.

Ila mwili nao ulidai ujira wake.
Uso ukaumuka kama unga wa mandazi uliosahauliwa beseni,
mashavu yakapanda kuyasonga macho.
Juu ya mdomo, malaika ya kifaranga.
Tumboni, michirizi ya zambarau,
kana kwamba fundi fulani alinichora kwa chaki
akaenda zake kabla ya kushika mkasi.
Nikigusa tu ukingo wa meza, ngozi inaandika:
buluu leo,
kijani Jumatano,
manjano nikienda kanisani.

Sokoni wananipongeza.
"Mideva, umenawiri! Mzee ameuza shamba?"
Nacheka. Kwetu unene ni habari njema,
na nani ataka kusikia kwamba haya ni maji tu,
na njaa ya saa nane usiku,
mimi na kiazi kitamu kilichopoa,
gizani, nimesimama?

Hedhi nayo tangu Pasaka imekuja mara moja,
ikachungulia mlangoni, ikageuza.
Ni dawa, au ni miaka arobaini na saba?
Daktari aliinua mabega.
Hata mabega yale niliyapima kwa macho: kumi na nane.

Jana nilifunga mlango nikajipima.
Nikaandika kwenye daftari la wateja,
mahali pa jina nikapaacha wazi.
Kiuno, inchi sita zaidi.
Mkono, umepungua.
Nikafumua gauni la samawati la ubatizo wa Vugutsa,
na humo ndani ya mshono, kimekunjwa, rangi yake haijapauka,
kitambaa cha akiba, inchi mbili kila upande.
Ndivyo tulivyofundishwa: bakiza,
hujui mwenye nguo atarudi na mwili gani.

Sita si nne. Nimeongeza kipande ubavuni.
Kuanzia kesho vidonge ni saba.
Nimebana kwa pini tu,
sijashona.