Maziwa Yaliyotiwa Maji

Miaka kumi na tisa nilisimama mlangoni pa kituo cha maziwa, Biharwe,
laktomita mkononi, nisimwonee mtu haya.
Ikizama, nilisema: Yana maji haya. Rudi nayo.
Hata shemeji yangu Mugumya nilimrudisha,
na debe lake, na baiskeli yake,
na Pasaka ile hatukuonana.

Sasa kila Jumanne nakanyaga mzani, Mbarara,
na Sista Ainembabazi hanionei haya mimi.
"Kilo nne na nusu juu. Umekunywa nini?"
Chai. Na bushera, kikombe kimoja.
Kikombe ni kikombe; hakisemi ukubwa wake.
Yana maji haya, najiambia,
lakini pa kuyarudisha sina.

Mshipa walioushona mkononi, ukiutegea sikio,
huvuma kama mzinga wa nyuki, ila haujakomaa.
Basi damu yangu hupitia shingoni, kwa mpira,
polepole, mia mbili kwa dakika,
na mashine, yenye haraka zake, hulia.

Saa ya tatu mguu hujikunja
kama mkia wa ndama aliyeumwa na mbung'o.
Presha hushuka. Ukuta huenda mbali.
Nasema: Nitoeni.
Hunitoa.
Na saa ile niliyoikwepa hunifuata nyumbani,
huniwasha mgongo usiku kucha,
huniachia ladha ya chuma kinywani.

Daktari alitaka siku tatu kwa wiki.
Ninazo mbili, kwa hesabu ya zizi:
Bihogo alilipa Februari na Machi,
Siina akalipa Aprili.
Mayenje ana mimba; sijamtaja kwa mtu.

Leo kipimo kimerudi: sifuri nukta tisa.
Damu iliyooshwa ikaoshika, kasema Sista,
huanzia moja nukta mbili.
Kasema taratibu,
kama anayemrudishia jirani debe lake.
Sikubisha. Najua kipimo hakina undugu.

Mugumya ndiye hunileta siku hizi.
Ana chupa ya nusu lita, kaichora mistari kwa kalamu:
asubuhi, mchana, jioni.
Nikiomba zaidi ya mstari
huitazama chupa, hunitazama,
huifunga kizibo.
Sijui kama ameisahau ile baiskeli.

Saa ya tatu imefika. Mguu umeanza.
Sista ananisogelea, mkono tayari kwenye kitufe.
Ngoja, namwambia.
Ngoja kidogo.