Kibali cha Uta

Uta wa babaangu uko darini,
mti wa mkole, upote wa mshipa wa ng'ombe,
umefungwa kanga iliyokwisha kufutika jina lake.
Miaka kumi na mmoja hauna ruhusa.

Nilikwenda kwa Sheha na barua ya mkono.
Akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena.
"Paa mmoja?"
"Mmoja."
"Kwa uta?"
"Kwa uta."
Muhuri ukagoma kutoa wino.
Akaupulizia pumzi kama mtu apozaye uji wa mtoto,
akagonga tena, ukatoka nusu mwezi.

Mjini, fomu ya misitu ina visanduku vitatu:
bunduki, nyavu, mbwa.
Karani kijana, kucha safi,
akaniuliza huo uta ni bunduki ya nchi gani.
Kisha akaandika pembeni, kwa penseli: *mengineyo*.
Basi babaangu, na babu yake,
na vigumba vyote walivyopoteza katika maweni ya Mtende,
wakaingia humo, kwenye mengineyo.

Vibali sita kwa shehia nzima.
Waombaji mia na wanane.
Kura zimo ndani ya bati la biskuti,
mwanafunzi wa darasa la pili anatia mkono.
Mwaka wa kwanza nikakosa. Wa pili nikakosa.
Wa tatu akaitwa marehemu,
na wanawe wakagombana hadi kibali kikaisha muda.

Hapo nikaanza kutafuta njia.

Vuai akasema, kaombe Muyuni,
vijana wa kule wote wako hotelini, wana kuku wa friji.
Mcha akasema, fuatana na mwenye bahati,
mbebee maji, mbebee nyama,
chovya kidole kwenye damu, nao ni usasi.
Shemegi yangu Ussi ana mtu wake wizarani,
ila mtu huyo koo lake kavu,
halilainiki kwa chai ya mkahawani.
Nikamwambia baba hakunifunza kuhonga.
Nilisema hivyo nikiwa nimeshazihesabu za mfukoni.
Hazikutosha.

Nikajaza fomu tatu:
yangu,
ya mamaangu, ambaye jicho la kushoto limemtoka nuru,
na ya mke wangu. Akasaini huku anapepeta mchele,
hakuuliza.

"Mize binti Shaame!"
Uwanja mzima wa skuli ukacheka.
Mimi nilicheka kuwashinda wote, nikijua uta ni wangu.

Usiku akakisoma kibali kwa taa ya simu,
mbele, kisha nyuma, kwenye herufi za sisimizi:
*Mwenye kibali ndiye atakayepiga.*
Akachukua ngazi, akapanda darini mwenyewe.

Siku arubaini akaupiga mgomba nyuma ya jiko.
Mshale mmoja ukachoma foronya ya Bi Time kambani.
Mwengine hatujauona mpaka leo.
Ya thelathini na saba, mgomba ukaanguka
na mkungu wake mbichi,
tukala ndizi wiki nzima, za nazi, za kukaanga,
hakuna aliyethubutu kusema neno.

Tukaingia msituni kabla ya adhana,
yeye mbele na podo, mimi nyuma na dumu la maji,
kama Mcha alivyosema.

Paa alisimama penye mkuyu, hatua ishirini.
Sikio moja likageuka, la pili likabaki.
Mize akavuta.
Upote ukagusa shavu lake.
Nikamtilia Bismillahi moyoni, ikiwa atasahau.
Nikangoja.
Nilisikia jani, nilisikia tumbo langu.
Akashusha.

Sikumuuliza hata tulipofika kwenye tanuri la chokaa.
Nikamuuliza hapo.
"Kibali kinasema naruhusiwa," akasema.
"Umeona palipoandikwa nalazimika?"

Akanipa uta nibebe.
Mzito kuliko nilivyoukumbuka.
Akavua kiatu, akakung'uta kijiwe,
akatizama njia tuliyotokea.
"Kinakwisha Alkhamisi. Leo Jumanne.
Ukipita dukani ninunulie betri za tochi."