Mayi

Siku ya kwanza Rau niliomba mayi ya kuoga.
Mama Ndeshi akaniletea mayai mawili,
ya kuchemsha, na chumvi pembeni.

Nikayala. Ningesemaje?
Kiswahili nilichotoka nacho Bukavu
kilidhani kimefika kwao.

Darasani nasema "niko na swali",
nyuma wanacheka, kidogo tu,
halafu Elinami ananisogezea daftari lake ninakili.

Mama akipiga simu huulizia mlima.
Namwambia umejifunika. Wiki ya tatu sasa umejifunika,
ninachokiona ni migomba
na soksi zangu kwenye kamba, haziishi kukauka.

Jana bomba lilikata.
Mama Ndeshi akagonga, ndoo mkononi:
"Haya, mayi yako."
Na juu ya kifuniko,
yai moja.