Hodi ya Tatu

Saa nane usiku, Kutaisi. Mvua inapiga bati la gereji ya jirani
nami naandika faili moja tu, mistari arobaini,
ya kumfundisha mteja namna ya kubisha mlango.

Kwanza anwani ya msingi: kituo cha theluji, juu ya Lentekhi,
asije akaitaja upya kila safari.
Kisha kichwa cha ombi: jina letu na tokeni,
kwani mgeni asiyejitambulisha hupewa mia nne na moja,
namba kavu, bila hata kiti.

Kisha aina. Niliandika joto ni namba, au tupu.
Mistari sita chini, nilipojumlisha,
TypeScript ikanipigia mstari mwekundu: na likiwa tupu, je?
Sikuwa na jibu. Kipimajoto cha kule hunyamaza
Jumber asipokwangua barafu.

Muda wa kungoja.
Hapa Makvala aliweka sekunde tatu kabla hajahamia Polandi,
akaacha neno kando: "inatosha."
Februari, theluji iliporomoka saa kumi alfajiri.
Mteja wetu alikuwa keshakata tamaa,
akaandika kwenye logi, kwa herufi safi: muda umekwisha.
Hakufa mtu. Ng'ombe wawili, na daraja.
Jibu lilifika sekunde ya nne. Nimeliona mwenyewe
katika rekodi za upande wa pili,
limesimama mlangoni, na ndani hamna mtu.

Hodi ni tatu, kisha mtu hurudi kwake.
Lakini mashine haina adabu isiyoandikwa, basi naandika:
rudia mara tatu; kati ya hodi na hodi
pumzika sekunde moja, halafu mbili, halafu nne,
usimgongee aliyelemewa kama mdai.
Ikija mia nne, usirudie. Kosa ni letu.
Ikija mia tano na tatu, ngoja:
huyo yumo, anavaa viatu.

Nafuta tatu. Naweka kumi. Nafuta kumi.
Nampigia Jumber, ambaye halali.
"Antena ikifunikwa, jibu huchukua muda gani?"
Anakohoa. "Inategemea theluji."
Aina hiyo TypeScript haijui.

Naweka kumi na mbili, na pale palipokuwa na "inatosha"
naandika: sijui. Kumbuka ng'ombe wa Februari.

Najaribu. Kimya.
Kimya.
Hodi ya tatu: mia mbili. Joto: tupu.
Simu sijaikata. Namsikia Jumber
akipapasa gizani, akitafuta viatu.