Baruti Iliyolowa

Nimelileta limefungwa ndani ya gunia la viazi,
refu kunizidi kwa shubiri mbili.
Nilitoka nalo Kidabaga ukungu ukiwa bado
umeatamia mianzi kama kuku.
Wagema ulanzi walinisalimu, kamwene,
wakatazama gunia, wakatazama viatu vyangu,
wasiulize. Tangazo la kusalimisha silaha
walilisikia hata wao.

Afande ni kijana, kifuani pameandikwa Mwalyego,
ana fomu, na kalamu inayokohoa wino.
"Namba?"
Halina.
"Kiwanda?"
Mtutu ulivuka maji, kwao hakujulikani.
Kitako alichonga babu Mgongolwa kwa mninga,
mdeki ni ufito wa mwanzi,
na jiwe, gumegume lenyewe,
ni kipande cha ukubwa wa ukucha
alichokiokota kando ya Lukosi akitafuta ndama.
Afande akaandika: Kiwanda, hakuna.

Mwalimu Vitalis alitufundisha darasa la saba
kwamba huko Marekani, zamani, wakulima wa misituni
walikuwa na bunduki ndefu za jiwe kama hili,
kazi ya wahunzi wa vijijini, kila moja na sura yake,
ndani ya mtutu mifuo imezungushwa kama uzi wa skrubu
ili risasi iende ikijisokota, ipige mbali.
Kwa bunduki hizo, akasema, walisaidia kumng'oa mfalme.
Leo zimelazwa kwenye makabati ya kioo, zimewashiwa taa.
Kuhusu wenye ardhi, waliosimama mbele ya mitutu hiyo,
kengele ililia kabla hajafika.

Nilikimbia nyumbani kuchungulia la babu.
Laini kama koo. Mfuo hata mmoja.
Nikalia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na nilitaka nasi tuwe tumemng'oa mtu.

Watu husema lilitekwa Lugalo. Uongo mtamu huo.
Bunduki zilizokuja Lugalo hazikuhitaji jiwe.
La kwetu lilinunuliwa kwa mbuzi saba
na pembe moja ya ndovu, yenye ufa.
Lilifukuza nguruwe kwenye mahindi,
lililia msibani,
siku nyingine zote lilining'inia juu ya moshi wa jiko
pamoja na mbegu.

Isipokuwa ile asubuhi ya kodi.

Babu alilala kifudifudi nyuma ya kichuguu.
Akida alikuwa anapanda na askari wawili
na ng'ombe wa jirani aliyefungwa kamba mpya.
Babu alikwisha kumimina baruti, kushindilia kitambaa,
kushindilia risasi, kutia chembe kwenye kisahani.
Akavuta mtambo. Akalenga kifungo cha tatu.
Ulikuwa ukungu wa Julai,
ule unaoingia mpaka ndani ya chumvi.

Ta.

Jiwe liligonga, cheche ikaruka,
baruti ikanyamaza.
Akida akageuza shingo, akadhani kijiti kimevunjika,
akapenga kamasi, akaendelea na mlima wake.

Bibi alikuwa hajatolewa mahari.
Lingelia, wangemtundika babu kabla ya mavuno
na kuchoma vihenge vyote hadi ng'ambo ya bonde.
Leo tuko thelathini na mmoja
ukihesabu na pacha wa Luhuvilo, waliozaliwa juzi.

"Limewahi kuua?" anauliza afande.
Nguruwe, nasema. Na kima wawili.
Fomu haina mstari wa kumwandika
ambaye halikumuua.

Akanikatia risiti. Nikaisomea mlangoni:
Gobore moja. Bovu.
Nikataka kurudi nimwambie afute hilo neno la mwisho,
kisha nikaona hapana, liache,
hujakosea kijana wangu, wala hujui.

Nimefika nyumbani giza limeshaingia.
Nguruwe wako kwenye mahindi, nawasikia wakivunja.
Nimetafuta debe, nimetafuta mwiko,
nimesimama uani na ukungu unaniingia shingoni,
napiga.